Escrow ya Tegeta: awamu tatu za serikali, faili moja, na vita ambavyo havikuwafikia waliosaini

Kwa nini kisa hiki

Watu wakibishana kama serikali fulani inapambana na rushwa kwa dhati, mara nyingi huishia kutajiana orodha: nani katumbuliwa, nani kalala mahabusu, nani kapona. Orodha za namna hiyo hazisaidii sana, kwa sababu serikali yoyote inaweza kuzitengeneza, hata ile inayoiba. Mimi naona ni heri kuchukua kisa kimoja kikubwa na kukifuata tangu fedha zilipoingia mpaka faili lilipofungwa, huku ukiuliza katika kila kituo nani aliamua nini, na alikuwa anakwepa nini.

Nimechagua akaunti ya Escrow ya Tegeta, ile akaunti ya Benki Kuu iliyotunza fedha za mgogoro wa umeme, zikatolewa mwaka 2013 kabla mgogoro haujaamuliwa. Tanzania ina visa vingine vya kutosha, lakini hiki kilipita mikononi mwa marais watatu wenye mitindo tofauti kabisa ya kutawala, na kila awamu ilikifanyia jambo lililoonekana hadharani. Kwa hiyo kinaturuhusu kulinganisha.

Majina ya watu nimeyaondoa makusudi na badala yake nimetumia vyeo. Wengi wa waliotajwa hawakuwahi kufikishwa mahakamani, na wapo waliofikishwa wakaachiwa bila hukumu. Mbele ya sheria hao hawana hatia, na uchambuzi huu hauwahukumu. Ninachokichunguza ni mwenendo wa serikali.

Msingi: mtambo, tozo na akaunti

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukame ulikausha mabwawa na mgawo wa umeme ukawa sehemu ya maisha. Mwaka 1995 TANESCO, shirika la umeme la taifa, ilitia saini mkataba wa miaka 20 wa kununua umeme kutoka IPTL, kampuni ambayo asilimia 70 ya hisa zake zilikuwa za kampuni ya Malaysia na asilimia 30 za kampuni ya Kitanzania. Mtambo wa megawati 100, unaotumia mafuta mazito, ukajengwa Tegeta, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam.

Kiini cha ugomvi wote uliofuata ni kifungu kimoja cha mkataba. TANESCO ilitakiwa kulipa kila mwezi kwa sababu tu mtambo upo na uko tayari, uwashwe usiwashwe. Kiasi cha malipo hayo kilikokotolewa kutokana na gharama za ujenzi na mtaji ambao wawekezaji walisema wameuweka. Gharama za ujenzi zilipelekwa kwenye usuluhishi wa kimataifa na kupunguzwa, na ndiyo maana mtambo ulianza kuzalisha umeme mwaka 2002 tu. Lakini TANESCO ikaja kudai jambo la pili: kwamba mtaji uliolipwa kweli na wenye hisa ulikuwa mdogo mno ukilinganisha na ule uliotumika kukokotoa tozo. Kama dai hilo lilikuwa sahihi, basi shirika la umma lilikuwa linatozwa kupita kiasi kila mwezi.

Mwaka 2006 pande mbili zikakubaliana kitu cha busara. Tozo inayobishaniwa ingewekwa kwenye akaunti maalumu Benki Kuu, isiguswe na yeyote mpaka mgogoro uamuliwe. Hiyo ndiyo Escrow. Nasisitiza ubusara wake kwa sababu baadaye neno lenyewe liligeuka kuwa jina la wizi, wakati akaunti ndiyo iliyokuwa kinga. Mvunjaji alitoka kwingine.

Wakati fedha zikilimbikizana, umiliki wa IPTL ulizidi kuvurugika. Mwenye hisa za asilimia 30 alikuwa amefungua shauri Mahakama Kuu mwaka 2002 akitaka kampuni ifilisiwe. Benki moja ya kigeni ilinunua deni la IPTL mwaka 2005 na kuanza kudai kwamba yenyewe ndiyo yenye haki ya malipo. Mwaka 2010 benki hiyo ikaipeleka TANESCO kwenye usuluhishi wa kimataifa.

Jinsi fedha zilivyotoka

Mwaka 2013 ikajitokeza kampuni mpya, PAP. Ilinunua zile asilimia 30 za Mtanzania kwa dola milioni 75 na kusema imezipata pia zile 70 za Wamalaysia, ingawa uhalali wa ununuzi huo wa pili ulikuja kutiliwa shaka kubwa bungeni. Tarehe 5 Septemba 2013 Mahakama Kuu, katika shauri lile la ufilisi ambalo sasa lilikuwa linaondolewa, iliagiza shughuli za IPTL zikabidhiwe kwa PAP.

Hapa ndipo maofisa wa serikali walipokuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kusema: sawa, mahakama imesema mwenye kampuni ni huyu, lakini haijasema tozo sahihi ni kiasi gani, na akaunti ilifunguliwa kwa ajili ya swali hilo la tozo. Tusubiri. Ya pili ilikuwa kuisoma amri ya mahakama kama ruhusa ya kutoa fedha. Walichukua ya pili. Mwezi Oktoba yakasainiwa makubaliano ya kuzitoa, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akatoa ushauri uliofungua njia, PAP ikatoa hati ya kuikinga serikali iwapo mdai mwingine angejitokeza, na kufikia mwisho wa mwaka akaunti ikawa imekaushwa. Kwa kipimo cha magazeti ya kigeni zilikuwa kama dola milioni 122. Bungeni zilitajwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 300.

Februari 2014, miezi michache tu baadaye, baraza la usuluhishi la kimataifa likaamua kwamba tozo inapaswa kukokotolewa upya. Hesabu iliyokuwa ikisubiriwa tangu 2006 ilikuwa njiani kufika. Haikukuta fedha.

Nadhani sehemu hii ndiyo ya kukaa nayo kuliko zile za mifuko ya sandarusi na noti zilizobebwa kutoka benki. Uamuzi wa kulipa kabla ya hesabu ulipita mezani mwa watu wenye shahada, wenye mihuri, wenye washauri. Hakuna aliyepitiwa na usingizi.

2014: Bunge linafanya kazi yake, kisha linajifunga mkono

Habari iliibuliwa na magazeti na mbunge mmoja wa upinzani kutoka Kigoma. Mwitikio wa awali wa serikali ulikuwa kukana: fedha si za umma, ni za IPTL, mjadala umekwisha. Ukumbini joto lilipanda mpaka Mwanasheria Mkuu akamwita mbunge huyo tumbili. Mwishowe serikali ikakubali Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, afanye ukaguzi maalumu, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, nayo ichunguze.

Ripoti ya CAG ilikwenda kwa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, PAC, ambayo kwa kanuni huongozwa na mbunge wa upinzani, na makamu wake wakati huo alitoka chama tawala. Wawili hao walifanya kazi kama timu moja, na hilo liliwanyima wakosoaji nafasi ya kusema ni siasa za vyama. Kulikuwa na jitihada za mahakamani kuzuia mjadala, Bunge likaendelea. Mwishoni mwa Novemba 2014 taifa likakaa mbele ya televisheni na redio kusikiliza orodha ya waliopokea mgawo kutoka kwa mwenye hisa wa Kitanzania kupitia benki moja ya biashara: mawaziri na mawaziri wa zamani, wabunge, majaji, watumishi wa umma, hata viongozi wa dini. Waziri wa ardhi alikuwa amepokea shilingi bilioni 1.6, akaeleza kuwa zilikuwa mchango kwa ajili ya shule. Maelezo yake kuhusu shilingi milioni 10 za mboga yakawa utani wa mtaani kwa miezi.

Tarehe 29 Novemba, baada ya mvutano wa usiku, yakapitishwa maazimio 8. Mamlaka ya uteuzi itengue uteuzi wa Mwanasheria Mkuu, waziri wa nishati, waziri wa ardhi na katibu mkuu wa nishati. Vyombo vya dola vichunguze. Majaji waliotajwa waundiwe tume. Wenyeviti wa kamati za Bunge waliopokea fedha wavuliwe nafasi. Benki zilizohusika zichunguzwe kwa utakatishaji fedha. Waziri Mkuu, ambaye kamati ilipendekeza awajibike, hakuonekana katika maazimio.

Kuachwa kwa jina hilo moja ilikuwa bei ya maridhiano, na pengine bila bei hiyo yasingepita maazimio yoyote. Siwalaumu sana waliokubali. Lakini tangu usiku ule ikajulikana kwamba uwajibikaji una dari, na kila aliyekuwa juu ya dari alijua yuko salama.

Awamu ya Nne: kuwajibika bila kukosea

Rais wa wakati huo alikuwa na shinikizo la pande mbili. Wafadhili walikuwa wamezuia msaada wa bajeti wa kama dola milioni 490, na uchaguzi mkuu ulikuwa mwaka mmoja mbele. Upande wa pili, waliotajwa walikuwa watu wake wa karibu serikalini.

Mwanasheria Mkuu alijiuzulu tarehe 16 Desemba 2014, na taarifa yake ikasema ushauri wake haukueleweka na umechafua hali ya hewa. Tarehe 22 Desemba Rais alizungumza na wazee wa Dar es Salaam. Alisema fedha zile hazikuwa za umma, akamwondoa waziri wa ardhi kwa suala la maadili, na waziri wa nishati akamweka “kiporo” mpaka uchunguzi ukamilike. Suala la majaji akalirudisha kwa mhimili wenyewe. Waziri wa nishati alijiuzulu Januari 2015.

Ukizitazama hatua hizi pamoja, utaona mantiki iliyofichika. Serikali ilikubali watu waondoke, lakini haikukubali kwamba kosa lilitendeka. Mwanasheria Mkuu hakukosea, alieleweka vibaya. Waziri wa ardhi hakuondolewa kwa fedha kutoka Benki Kuu, bali kwa zawadi kuingia kwenye akaunti yake. Na kama fedha ni za kampuni binafsi, basi nani angeweza kushtakiwa kwa kuzitoa? Kauli moja, kwamba fedha si za umma, ilitosha kuwalinda wote waliosaini.

Aliyebaki kushtakiwa alikuwa mpokeaji. Januari 2015 maofisa wachache wa ngazi ya kati, kutoka taasisi kama mamlaka ya mapato, wakala wa ufilisi na udhamini na sekta ya nishati, walisomewa mashtaka katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa tuhuma za kupokea mgawo. Mwaka huohuo katibu mkuu wa nishati alitangazwa na Katibu Mkuu Kiongozi kuwa uchunguzi wa awali haukumkuta na kosa, na baadaye akapewa nyadhifa nyingine. Baraza la Maadili liliwaita baadhi ya vigogo; mmoja alisimamisha shauri lake kwa kuonyesha amri ya mahakama. Watanzania wana msemo wao kuhusu dagaa wanaonaswa na mapapa wanaopona, na mwaka huo walikuwa na kila sababu ya kuutumia.

Awamu ya Tano: mahabusu kama jibu

Rais aliyeingia Novemba 2015 alikuja na sifa ya ukali. Majipu yalitumbuliwa bandarini na mamlaka ya mapato, watumishi hewa walisakwa, na mwaka 2016 ikaanzishwa divisheni ya Mahakama Kuu ya makosa ya rushwa na uhujumu uchumi, ile ambayo watu waliita mahakama ya mafisadi. Haya hayakuwa maigizo matupu. Aliyekuwa akienda ofisi ya serikali mwaka 2016 aliona mtumishi aliyeogopa kuomba chai. Kwenye kipimo cha mtazamo wa rushwa cha Transparency International, Tanzania ilipanda kutoka alama 31 mwaka 2014 hadi 38 mwaka 2020.

Kwa Escrow, hata hivyo, hatua ya kwanza ya awamu hiyo ilikuwa kumrudisha waziri yuleyule wa nishati kwenye wizara ileile, Desemba 2015. Sikatai kwamba hakuwa na hatia iliyothibitishwa. Ninachosema ni kwamba Bunge lilitaka aondolewe, hakuna mahakama wala tume iliyokuwa imesikiliza hoja hizo hadharani na kuzitupa, na serikali mpya haikuona haja ya kueleza. Aliondolewa Mei 2017 kwa jambo lingine kabisa, la mchanga wa madini.

Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 19 Juni 2017, mfanyabiashara aliyekuwa mkuu wa PAP na mwenye hisa wa zamani wa Kitanzania walipandishwa kizimbani Kisutu. Mashtaka yalikuwa mazito: kula njama, kuongoza genge la uhalifu, kughushi, kujipatia fedha kwa udanganyifu, utakatishaji fedha, na kuisababishia serikali hasara ya dola milioni 22.2 na shilingi bilioni 309.4. Mitaani watu walishangilia. Hatimaye!

Soma tena orodha ya washtakiwa. Wote walikuwa wa upande wa binafsi. Kama serikali ilidanganywa hadi ikatoa shilingi bilioni 309, aliyedanganywa ni nani, akiwa katika ofisi gani, na alipewa karatasi gani akaiamini? Hati ya mashtaka iliwageuza wasaini wote wa serikali kuwa wahanga. Awamu ya Nne ilisema fedha si za umma, kwa hiyo hakuna aliyeiba. Ya Tano ikasema ni za umma na zimeibwa, ila hakuna mtumishi wa umma aliyezitoa. Hadithi hizi mbili zinapingana kwa kila kitu isipokuwa mahali zinapoishia.

Kisha ukaja muda mrefu wa kuahirishwa. Utakatishaji fedha ni kosa lisilo na dhamana Tanzania. Mahakama Kuu iliona mwaka 2020 kwamba kifungu hicho cha kunyima dhamana kinakwenda kinyume na Katiba, lakini Mahakama ya Rufani ikakirudisha Agosti mwaka huohuo. Hivyo mwendesha mashtaka alikuja Kisutu kila baada ya siku 14, akasema upelelezi haujakamilika, na tarehe nyingine ikapangwa. Kesi ambayo CAG, PAC na TAKUKURU walikuwa wameipekua tangu 2014 ilikaa miaka 4 kwa kisingizio cha upelelezi, na haikuwahi kufika kwenye ile divisheni iliyoanzishwa kwa kesi za namna hiyo.

Katikati ya kipindi hicho, Septemba 2019, sheria ilibadilishwa kuruhusu makubaliano ya kukiri kosa, na Rais akatangaza siku 7, kisha akaongeza nyingine, kwa mahabusu wa uhujumu uchumi walio tayari kukiri na kurejesha fedha. Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, aliripoti watu 467 waliokuwa tayari kurejesha shilingi bilioni 107.8. Takwimu ile ilisomwa kama ushindi. Mtu mwenye kusoma kwa makini angejiuliza wangapi kati yao wangekiri kama wangekuwa nje kwa dhamana, wakisubiri ushahidi uletwe.

Awamu ya Sita: faili linafungwa

Rais wa Awamu ya Tano alifariki Machi 2021. Mwezi Juni mkuu wa PAP alikiri kosa kwa makubaliano na DPP, akatakiwa kulipa shilingi bilioni 26.9 na kutotenda kosa kwa miezi 12, akatoka. Septemba mwaka huohuo DPP aliwasilisha hati ya kutokuwa na nia ya kuendelea na mashtaka dhidi ya yule mwenye hisa wa Kitanzania, naye akarudi nyumbani baada ya miaka 4 na ushee.

Kwa maisha ya wahusika, kuachiwa huko kulikuwa haki iliyochelewa. Hakuna anayestahili kukaa miaka minne ndani bila shahidi hata mmoja kusikilizwa. Januari 2023 Rais mpya alizindua tume ya kuangalia mfumo wa haki jinai, na fedha za makubaliano ya kukiri zilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyalalamikia hadharani. Lakini kwa upande wa ukweli wa kisa, mlango ulifungwa na ufunguo ukabaki ndani.

Matokeo kwa hesabu

Tukichukua kiwango cha hati ya mashtaka, kilichoamriwa kulipwa ni chini ya sehemu moja ya kumi ya hasara iliyodaiwa. Mbunge mmoja, waziri wa zamani wa nishati, alirejesha kwa hiari shilingi milioni 40.4 mamlaka ya mapato mwaka 2017. Septemba 2016 baraza la usuluhishi liliamuru TANESCO iilipe ile benki ya kigeni dola milioni 148.4 kwa madeni ya mkataba uleule. Kwa lugha ya mtu anayenunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla: fedha zilizowekwa kando kwa ajili ya deni zilipewa mtu mmoja, kisha mdai mwingine akashinda kesi.

Hukumu zenye kueleza kwa sababu fedha zilikuwa za nani, tozo ilizidishwa kiasi gani, na nani serikalini alivunja masharti ya akaunti: hakuna hata moja iliyotoka katika kesi ile ya uhujumu uchumi.

Kilichofanya kazi

Kilichofanya kazi kilifanya kwa muda mfupi, na kilitokana na mgawanyo wa madaraka. CAG alikuwa na ulinzi wa kikatiba, PAC ilikuwa na mwenyekiti asiyedaiwa fadhila na serikali, na kikao kilirushwa moja kwa moja. Vitu hivi vitatu vilipokutana, Novemba 2014, serikali iliyokuwa imeapa kwamba hakuna cha kujadili ilipoteza Mwanasheria Mkuu na mawaziri wawili ndani ya miezi miwili.

Sasa angalia nini kiliwapata. Januari 2016 serikali ilisitisha matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge kwenye televisheni ya taifa, kwa hoja ya gharama. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na CAG wa wakati huo, na Novemba mwaka huo nafasi yake ikapewa mtu mwingine baada ya kipindi cha miaka 5, jambo ambalo Mahakama Kuu baadaye iliona halikufuata Katiba. Yule mbunge aliyeibua sakata alipoteza kiti mwaka 2015, akahamia chama tawala, na akaja kuwa mkuu wa mkoa. Serikali iliyojinadi kuwa kali kuliko zote kwa mafisadi ndiyo iliyopunguza uwezo wa nchi kugundua Escrow nyingine.

Kwangu, ushahidi huu una uzito kuliko majina yote ya mahabusu. Anayetaka kweli kukamata wezi haondoi taa uani.

Kilichoshindwa, na mahali kiliposhindwa

Shina la tatizo liko kwenye mnyororo wa mashtaka. Mkurugenzi Mkuu wa TAKUKURU huteuliwa na Rais, na taasisi yenyewe ilikuwa chini ya Ofisi ya Rais. Chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, makosa mengi, isipokuwa hongo ya kawaida, yalihitaji kibali cha DPP ili kufikishwa mahakamani. DPP naye ni mteule wa Rais. Mchunguzi wa TAKUKURU anaweza kuwa mwadilifu kiasi gani, faili linalomgusa waziri aliyeko madarakani linapita juu kwa watu wawili ambao ajira zao ziko mkononi mwa bosi wa waziri huyo. Linaposhuka limechujwa. Ndiyo maana mkondo uleule uliotoa kesi za maofisa wa ngazi ya kati mwaka 2015 ulitoa kesi ya wafanyabiashara mwaka 2017, na mara zote mbili meza iliyotoa kibali cha fedha ikapitwa.

Kosa la pili ni uchaguzi wa shtaka. Utakatishaji fedha una mvuto kwa mwendesha mashtaka asiye na haraka: mshtakiwa yuko ndani, umma umeridhika, na ushahidi unaweza kusubiri. Kama 2017 wangeshtakiwa kwa makosa yenye dhamana, serikali ingelazimika kuleta mashahidi mapema au kuaibika. Na mashahidi hao wangekuwa akina nani? Maofisa wa Benki Kuu, wa wizara, wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Wangeulizwa maswali na mawakili wa utetezi, mbele ya waandishi, kuhusu nani aliwaambia walipe. Sidhani upelelezi ulishindwa kukamilika kwa bahati mbaya. Kesi ile ingesikilizwa, ingekuwa kesi dhidi ya serikali.

Kuna watakaosema nadai mno. Uhalifu wa fedha ni mgumu kuthibitisha kila mahali, bilioni 26.9 ni zaidi ya sifuri, na nchi nyingi hazikumgusa mtu kabisa katika visa vya ukubwa huu. Hoja hiyo ina nguvu kwa upande wa fedha. Haina nguvu kwa upande wa majina, kwa sababu ugumu wa ushahidi haukuhusu waliosaini. Barua zao zilikuwapo, zilisomwa bungeni. Katika faili zima, saini zilikuwa ushahidi rahisi kuliko wote.

Je, vita vilikuwa vya kweli?

Jibu langu linatofautisha watu na serikali. Kulikuwa na wakaguzi, wabunge wa pande zote na waandishi waliopigana kweli, na baadhi walilipia. Awamu ya Tano nayo ilipigana kweli kwenye dirisha la huduma, dhidi ya mtumishi mdogo. Lakini serikali kama taasisi, katika awamu zote tatu, ilitaka kisa kiishe. Ya kwanza ilitaka kiishe kwa kujiuzulu, ya pili kwa kufungia watu, ya tatu kwa makubaliano. Hakuna iliyotaka kijulikane.

Kikitokea kingine, sitaanza na nani kakamatwa. Nitafungua hati ya mashtaka na kutafuta jina la mtu aliyetoa kibali upande wa serikali, kisha nitaangalia kama shahidi wa kwanza amesikilizwa ndani ya mwaka.